Sir Alfred Sharpe: mwindaji wa tembo aliyeweka boma ufukoni mwa Ziwa Mweru

Barabara itokayo Nchelenge kuelekea kaskazini hupita Kashikishi, ikafuata ufuko wa Ziwa Mweru hadi mto Kalungwishi, kisha ikaendelea mpaka Chiengi, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya ziwa, chini ya vilima vyenye miti. Katika sehemu hizo mbili, Chiengi na Kalungwishi, palisimama zaidi ya miaka 100 iliyopita vituo vya kwanza vya utawala wa Uingereza katika upande huu wa nchi inayoitwa leo Zambia. Mtu atakayekwenda kutafuta kuta za mawe, mfano wa Ngome ya Yesu mjini Mombasa au Gereza la Kilwa Kisiwani, atarudi mikono mitupu. Vituo vya mwanzo vya utawala huo vilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, na vifaa vya namna hiyo havimngojei mwanahistoria.

Hata hivyo, kituo hicho kilitumikia kusudi lile lile lililojengewa ngome nyingi za pwani: kuyalinda maji na njia dhidi ya watu walioitwa maharamia. Tofauti ni kwamba maharamia wa hapa hawakuwa na majahazi ya baharini. Walikuwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, walikuwa na bunduki, na katika Ziwa Mweru walikuwa na mitumbwi na kisiwa cha kukimbilia. Aidha, na jambo hili yafaa lisemwe mapema kwa wasikilizaji wetu, wengi wao walizungumza Kiswahili.

Aliyeamuru kituo hicho kiwekwe ni Alfred Sharpe. Maisha yake ndiyo yanayoeleza kwa nini boma lile lilijengwa, na kwa nini nguvu zake hatimaye zilielekezwa kwa mtu mwingine kabisa.

Wakili aliyechoshwa na ofisi

Sharpe alizaliwa Lancaster, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 19 Mei 1853. Baba yake, Edmund Sharpe, alikuwa msanifu majengo na mjenzi wa reli mwenye sifa katika mji huo. Mwana alisomea sheria akawa wakili, lakini maisha ya kukaa mezani hayakumshika. Katika miaka ya 1880 alikwenda Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, akalima miwa na kukaimu kazi ya hakimu. Huko nako hakudumu. Mwaka 1887 alifika katika nchi ya Ziwa Nyasa akiwa na bunduki ya kuwindia tembo, kwa nia ya kupata riziki yake kutokana na pembe.

Msomaji na asilipite neno hilo haraka. Mtu ambaye baadaye angesifiwa kwa kuwazuia wafanyabiashara wa pembe na watumwa aliingia Afrika ya kati kwa mlango wa pembe. Biashara ya pembe ndiyo iliyokuwa imewaleta huku Waarabu na Waswahili miongo kadhaa kabla yake, na watumwa walikamatwa kwa sehemu kubwa katika vita na safari za kutafuta pembe hizo. Sharpe hakufanya biashara ya watu. Lakini aliijua njia ya tembo, na njia ya tembo katika miaka ile ilikuwa ndiyo njia ya msafara.

Mwaka huo huo wa 1887 vita vilizuka Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, baina ya kampuni ya Waskoti iliyokuwa na duka huko na mfanyabiashara Mlozi bin Kazbadema, ambaye watu wake walikuwa wamewashambulia Wangonde. Sharpe alikuwa miongoni mwa Wazungu wachache waliokwenda kusaidia upande wa kampuni. Vita vile viliendelea kwa muda mrefu bila mshindi. Ngome za Mlozi, zilizozungushiwa miti na udongo, zilistahimili mashambulizi, hata lile la mwaka 1888 lililoongozwa na Frederick Lugard. Mlozi hakushindwa hadi Desemba 1895, alipokamatwa na kunyongwa. Haiyumkiniki kwamba Sharpe aliondoka Karonga bila kujifunza jinsi uzio wa miti unavyoweza kulizuia jeshi.

Nchi iliyokuwa na wenyewe

Harry Johnston, aliyetumwa kuanzisha himaya ya Uingereza katika nchi ya Nyasa, alimwona Sharpe kuwa mtu wa kufaa, akamfanya naibu wake. Mwaka 1890 alimtuma magharibi akiwa na karatasi za mikataba. Safari hiyo ilikuwa ya serikali na vilevile ya kampuni ya Cecil Rhodes, iliyokuwa na tamaa ya shaba ya Katanga. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kukubaliana Berlin, mwaka 1885, juu ya namna ya kugawana bara, na mfalme Leopold wa Ubelgiji alihesabu kwamba Katanga ni sehemu ya Dola Huru ya Kongo, ingawa hapakuwa na afisa wake aliyeitawala. Atakayetangulia kuweka mkataba na bendera ndiye angehesabiwa kuwa mwenye haki.

Sharpe alipolifikia Ziwa Mweru hakuikuta nchi tupu. Mashariki ya ziwa ilikuwapo Itabwa, nchi ya Watabwa, ambayo mtawala wake Nsama wa tatu alikuwa mashuhuri kwa nguvu hadi mwaka 1867, aliposhindwa na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Ushindi huo ulimpatia Tippu Tip shehena kubwa ya pembe na kuuanzisha utajiri wake. David Livingstone, aliyekuwa akipita huko mwaka ule, alikutana naye. Baada ya hapo watu wa pwani waliendelea kuja. Wakati wa Sharpe aliyekuwa na nguvu katika Itabwa ni Abdallah bin Suleiman, mwenye boma lake, bunduki zake na wafuasi wengi. Katika Kisiwa cha Kilwa, ndani ya ziwa, alikaa mtu aliyejulikana kwa jina la Simba, aliyejiimarisha humo kwa bunduki na mitumbwi. Mswahili yeyote alisikiapo jina la kisiwa hicho atakumbuka Kilwa ya pwani.

Kusini ya ziwa, katika bonde la Luapula, ulikuwapo ufalme wa Mwata Kazembe, uliokwisha kujulikana kwa Wareno tangu karne ya 18; Francisco de Lacerda alifika huko mwaka 1798 na kufia huko. Waarabu na Waswahili walikuwa wageni wa siku nyingi katika mji wa mfalme. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, Mwarabu aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Mfalme wa wakati wa Sharpe alikuwa Mwata Kazembe wa 10, Kanyembo Ntemena. Mwaka 1890 alitia alama yake katika mkataba wa Sharpe na kuruhusu kampuni itafute madini. Alichokielewa katika karatasi ile na alichokielewa Sharpe vilikuwa vitu viwili tofauti, kama miaka 9 iliyofuata ilivyokuja kuonyesha.

Siku ya Bunkeya

Kutoka kwa Kazembe, Sharpe alikwenda kwa Msiri. Huyu alikuwa mwana wa Wanyamwezi, aliyefika Katanga kwa biashara, akaoa, akapigana, akajipatia ufalme wa Garenganze wenye mji mkuu Bunkeya. Shaba, chumvi, pembe na watumwa vilipita mikononi mwake kwenda pwani zote mbili za Afrika, ya mashariki na ya magharibi. Mjumbe mwingine wa Rhodes, Joseph Thomson, alikuwa ametumwa kwa kusudi hilo hilo, lakini ndui iliushika msafara wake na kumrudisha nyuma kabla hajafika.

Sharpe alifika Bunkeya mwezi Novemba 1890 akiwa na msafara mdogo na zawadi chache, mambo ambayo hayakumtisha wala kumfurahisha mzee aliyezoea misafara mikubwa. Msiri alitaka kujua kilichoandikwa katika karatasi aliyopewa. Wamishonari waliokuwa wakiishi katika mji wake walimfasiria maneno kama yalivyokuwa, na alipoyafahamu alikataa. Sharpe aliondoka bila mkataba.

Ni vigumu kuipata siku moja iliyobadilisha mengi kuliko hiyo katika historia ya eneo hili. Miezi kadhaa baadaye Msiri, akiona watu wa Leopold wanazidi kumsonga, aliandikiwa barua ya kumwita Sharpe arudi. Barua ile haikumfikia. Iliangukia mikononi mwa msafara wa Kapteni William Stairs, ambaye alikuwa Mwingereza wa Kanada anayemtumikia Leopold, na ambaye wapagazi na askari wake wengi walikuwa wameajiriwa Zanzibar. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson wa msafara huo alimpiga Msiri risasi akamwua, na yeye mwenyewe akapigwa risasi akafa. Katanga ikawa ya Leopold. Hivyo ndivyo watu wa ng'ambo moja ya Luapula walivyokuja kutawaliwa kwa Kifaransa na wa ng'ambo ya pili kwa Kiingereza, ingawa walikuwa wakioana na kuuziana samaki kabla na baada ya hapo.

Boma lajengwa

Baada ya kuikosa Katanga, Sharpe aliona kwamba upande wa mashariki wa ziwa nao ungeweza kuponyoka iwapo hapangekuwa na mtu wa kukaa humo. Mwaka 1891 aliagiza kituo kiwekwe Chiengi, na Kapteni Richard Crawshay akapewa kazi hiyo. Mahali palichaguliwa kwa akili: njia ya baina ya Mweru na Tanganyika ilipita karibu, ziwa lilionekana, na upande wa pili ilikuwapo nchi ya Leopold. Katika ramani za miaka ile kituo cha Mweru kiliandikwa kwa jina la Rhodesia, kabla jina hilo halijapewa nchi nzima. Baadaye makao yalihamishiwa Kalungwishi, na Dk. Blair Watson akawa mkuu wake kwa miaka mingi.

Sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Sababu hiyo haikuwa ya uongo. Watu walikuwa wakikamatwa na kuuzwa katika nchi ile, na vijiji vilijizungushia uzio kwa hofu. Lakini ukiitazama kazi ya kituo katika miaka yake ya kwanza utaona kwamba maafisa wachache wenye askari wachache hawakuwa na uwezo wa kumwondoa Abdallah bin Suleiman, na hawakujaribu. Walihitaji ujirani wake. Aliyekuwa akizuiwa kwa hakika zaidi ni Leopold, kwa kuwa bendera moja juu ya mlingoti ilitosha kwa kazi hiyo.

Mazungumzo ya Ulaya ndiyo yaliyofunga hesabu. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 baina ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo uliuweka mpaka katika mto Luapula na ndani ya ziwa lenyewe, tangu mahali mto unapotoka hadi unapoingia. Mstari ule ulipindishwa upande wa kusini kwa makusudi, ili Kisiwa cha Kilwa kiwe cha Uingereza. Ndiyo maana mpaka leo kisiwa ni cha Zambia, ilhali mji wa Kilwa ulio ufukoni upande wa pili ni wa Kongo. Simba na watu wake hawakuwapo katika mazungumzo hayo, wala Mwata Kazembe, ambaye watu wake walivua samaki na kulima pande zote mbili za mto.

Hapa pana jambo dogo la lugha ambalo mwandishi wa makala haya hawezi kuliacha. Neno boma ni la Kiswahili: uzio wa miti au mawe wa kuwalinda watu na mifugo, kisha ngome, kisha makao ya serikali. Nchini Zambia watu huliita boma jengo la mkuu wa wilaya na mji unaolizunguka, na wapo wanaodhani kwamba neno hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza ya jeshi la kikoloni. Sivyo. Kituo kilichowekwa dhidi ya wafanyabiashara Waswahili kilijulikana kwa neno lililosafiri katika njia za biashara yao.

Moto katika mji wa Mwata

Kufikia mwaka 1896 Johnston alikuwa ameondoka kwa sababu ya afya, na Sharpe akashika nafasi yake kama Kamishna wa himaya ya Afrika ya kati ya Uingereza. Nchi ya Mweru wakati huo ilikuwa chini ya kampuni ya Rhodes, si chini yake. Ila kampuni haikuwa na askari wa kutosha, naye alikuwa nao.

Watumwa hawakuwa tena shida kuu ya Kalungwishi. Mlozi alikuwa amekwisha kufa, na misafara ilikuwa inapungua. Shida ilikuwa Kanyembo Ntemena. Mfalme huyu alikuwa ametia alama yake katika mkataba, lakini hakukubali kupandisha bendera ya Uingereza katika mji wake wala kuwaruhusu wageni watoze watu wake kodi. Mwaka 1897 Dk. Watson alijaribu kumshurutisha kwa nguvu, na wapiganaji wa Kazembe wakamrudisha nyuma. Robert Codrington, aliyekuwa mtawala mpya wa kampuni kaskazini-mashariki, alimwomba Sharpe msaada.

Mwezi Oktoba 1899 Sharpe aliwasili mwenyewe akiwa na jeshi kutoka Nyasa, askari Waafrika pamoja na Makalasinga wa jeshi la India. Mji wa Mwata ulitiwa moto, na watu waliuawa. Mfalme alikimbilia ng'ambo ya Luapula, akapata hifadhi kwa wamishonari wa Mambilima, penye maporomoko yaliyoitwa na Waingereza kwa jina la Johnston. Wamishonari hao baadaye walimrudisha kwa amani kwa Watson, akapokewa, akarudishiwa heshima ya kiti chini ya bendera aliyoikataa. Alifariki mwaka 1904. Mji wa Mwansabombwe ungali makao ya Mwata Kazembe, na kila mwisho wa Julai sherehe ya Mutomboko huwakusanya watu kutoka pande zote za mto, wa Zambia na wa Kongo.

Tumpe Sharpe haki yake: hakuua mfalme, kama walivyofanya wenzake wa ng'ambo, na utawala wa Kazembe haukuvunjwa kama ulivyovunjwa wa Msiri. Lakini mtu aliyeuunguza mji ule mwaka 1899 ndiye aliyepokewa humo kama mgeni mwaka 1890, na mfalme aliyepoteza mji wake hakuwa yule aliyetajwa wakati boma lilipojengwa.

Miaka ya mwisho

Sharpe alipewa cheo cha Sir mwaka 1903. Mwaka 1907 himaya ilipoitwa Nyasaland, jina la Kamishna lilibadilishwa kuwa Gavana, na yeye akawa wa kwanza kulishika. Alistaafu mwaka 1910. Hakutulia hata hapo. Alisafiri tena, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza alizunguka bara la ndani la Liberia. Mwaka 1921 alichapisha kitabu cha safari zake barani Afrika. Swala mmoja mdogo wa vichaka vya kusini na mashariki mwa Afrika alipewa jina lake na wataalamu wa wanyama. Alifariki London tarehe 10 Desemba 1935, akiwa na umri wa miaka 82.

Boma la Kalungwishi lilikuwa limekwisha kuachwa zamani. Halikuangushwa na Simba wala Abdallah wala mitumbwi ya Kilwa. Lilishindwa na mbu. Mahali pale palikuwa na homa kali, na malale nayo ilipoenea katika bonde la Luapula na ufuko wa Mweru, watu wengi waliamriwa kuhama kando ya maji. Makao ya serikali yakapelekwa Kawambwa, juu kwenye uwanda wenye baridi.

Mstari wa mwaka 1894 haukuhama pamoja nayo. Wavuvi wa Nchelenge na wa Kilwa ya Kongo wanaujua, ingawa hauonekani juu ya maji. Kuanzia mwaka 2017, mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwafanya maelfu ya Wakongo wauvuke, wengi wakiingia kupitia Chiengi, wakisema Kiswahili chao cha Katanga. Mapema mwaka 2018 serikali ya Zambia iliwatengea ardhi Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge, wakagawiwa viwanja vya kujenga nyumba na mashamba ya kulima.